Specioza na Magunia ya Kwanza

Specioza Gervas Kasogela ni mjukuu wa Obadia Kasogela, yule aliyetoka Usevya kwa miguu hadi Mpanda, akakatiza mbuga siku nne kwenda kudai mwalimu wa shule yetu, akarudi na mwalimu mwenyewe huku amembebea sanduku kichwani. Ni binti wa Gervas Kasogela, aliyeendesha mashine ya kukoboa mpunga miaka ishirini na sita bila kujibakizia hata kikombe cha mchele wa mtu. Mama yake ni Emerensiana, ambaye pampu ya kisima ilipokufa alisimama mkutanoni mbele ya wakubwa akasema haketi mpaka itajwe tarehe ya fundi. Alisimama saa nzima, na tarehe ikatajwa. Kwa hiyo anayemwona leo na simu mbili mkononi, anazungumza na watu wa Dar es Salaam kama anazungumza na jirani, asidhani ni mtu aliyeokotwa njiani.

Alimaliza kidato cha nne, alama hazikutosha, baba yake akamkalisha kwenye benchi la mashine na daftari. Kazi yake ilikuwa kuita majina. Msimu wa mavuno, Juni na Julai, mpunga unakuja kwa mikokoteni na pikipiki kutoka kila upande, magunia yanapangwa hadi barabarani, na mwanamke anaweza kukaa hapo siku tatu akilinda magunia mawili, mtoto mgongoni. Halafu anakuja mchuuzi na lori, ananong'ona na mwenye mashine, na magunia yake arobaini yanatangulia. Kwa Gervas hilo halikufanyika. Kwenye mashine nyingine lilikuwa jambo la kila siku.

Miaka tisa Specioza aliita majina, na miaka tisa alisikia swali lilelile: "Nije lini, mwanangu, nisipoteze siku?" Ndipo likamwingia wazo kwamba foleni ikae ndani ya simu. Mtu awe nyumbani kwake anaanika mpunga, na simu imwambie: mashine fulani ina nafasi kesho saa nne, njoo.

Alimtafuta Hilari, kijana wa Mpanda aliyesomea kompyuta chuoni na kuishia kutengeneza vioo vya simu karibu na soko. Hilari alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Dada, hii inawezekana. Lakini nahitaji kompyuta isiyozimika, na nahitaji kula miezi sita."

Benki walimwomba hati ya nyumba. Hakuwa nayo. Basi akarudi kwa watu aliokuwa akiwaita majina.

Kwetu mtu akishindwa shamba, wenzake wanamwendea na majembe. Hawalipwi. Wanalima, wanakunywa togwa, wanaondoka, na siku yao ikifika naye anakwenda kwao na jembe lake. Tunaita kulimiana. Ukimpa hela mtu aliyekuja kukulimia, umemtukana, kwa sababu umemwambia mmemalizana na asikutegemee tena. Specioza aliwaambia wanawake wa pale mashineni, "Mama zangu, nilimieni." Wakaelewa. Wanawake ishirini na watatu walitoa gunia mojamoja la mpunga. Mmoja wao, Restituta, mjane wa Kasansa aliyeolewa Usevya, mwenye ulimi mkali kuliko wote, alitoa mawili. Hakuna aliyeandika karatasi. Nani anaandika karatasi ya kulimiana?

Mpunga ule ulinunua kompyuta na kumlisha Hilari, na mwaka uliofuata ile programu, waliyoipa jina Kinu, ilianza kufanya kazi kwenye mashine tatu za Usevya. Walihakikisha inafanya kazi hata kwenye simu ya tochi, maana simu kubwa hazikuwa nyingi. Ile ndiyo hela ya kwanza, hela ya mbegu kama wanavyoiita watu wa biashara.

Ya pili ilitoka Dodoma, kwenye mashindano ya shirika moja linalotoa ruzuku kwa wabunifu. Kila mmoja alipewa dakika tano. Vijana waliomtangulia walikuwa na suti na picha za michoro. Specioza alivaa kitenge na viatu vya kuazima. Mzee mmoja wa meza ya waamuzi akamuuliza, "Mama, washindani wako ni akina nani?"

"Ni uvivu wa kusema hapana kwa mwenye lori," akajibu.

Watu wakacheka, naye akaendelea. Akaeleza kwa fahari jinsi wanawake ishirini na watatu walivyomlimia. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Ruzuku akapata, na Kinu ikafika Kasansa, ikafika Mwamkulu nje ya Mpanda, mashine zikawa thelathini na nne.

Lakini ruzuku hutolewa mara moja tu. Mashine zilivyozidi, na gharama za ujumbe wa simu zilizidi, na kukodi kompyuta za mbali zinazobeba hesabu zote kulizidi. Mwaka huu, mavuno yakiwa yamekaribia, Specioza na Hilari waliona wazi kwamba hela yao itaisha mwezi wa Juni, katikati ya foleni. Hapo simu za watu zingenyamaza, na wenye mashine wangerudi kwa wenye malori.

Ndipo akaja Edgar. Huyu alitumwa na mfuko wa uwekezaji wa Dar es Salaam: kijana mpole, mwenye kusikiliza, tena alikula ugali wa Emerensiana akaongeza. Mfuko ulitaka sehemu moja kati ya tano ya kampuni, nao ungetoa hela ya kuipeleka Kinu hadi Rukwa na Mbeya. Karatasi zilionyesha wenye kampuni ni wawili, Specioza na Hilari, nusu kwa nusu. Mambo yalikwenda vizuri hadi mwanasheria wa mfuko alipoitazama video iliyopigwa siku ile ya mashindano Dodoma.

"Dada Specioza," Edgar akasema, "hawa wanawake ishirini na watatu ni nani kwenye kampuni?"

"Ni walionilimia."

"Ndiyo, lakini magunia yao yalikuwa zawadi, mkopo au hisa?"

Miaka mitano Specioza alikuwa hajawahi kuulizwa hivyo.

Edgar akaeleza bila ukali. Mfuko hauwezi kuingia kwenye kampuni ambayo kesho mtu anaweza kuinuka na kusema nami nina changu. Kila mwanamke asaini barua kwamba hadai kitu, apewe bei ya magunia mawili kwa kila gunia alilotoa. Barua zifike Dar Ijumaa ya wiki inayofuata. Zisipofika, hela inakwenda kwa kampuni nyingine.

"Wasainishe tu, dada Spe," Hilari akasema walipobaki wawili. "Wanapata mara mbili. Nani atakataa?"

Asubuhi ya Jumanne Specioza akaenda na barua hizo mashineni. Wanawake wengi walikuwepo, wanageuza mpunga kwenye maturubai kwa miguu. Akasimama ukingoni, akasoma ile barua yote kwa sauti, kisha akaitafsiri kwa Kipimbwe, lugha ya kwao, wasije wakasema hawakuelewa.

Miguu ikaacha kutembea.

"Kwa hiyo," akasema Restituta, "leo sisi ni vibarua wako."

"Hapana, mama mkubwa."

"Vibarua ndio wanalipwa jioni na kuambiwa kwaheri. Wewe umetuletea jioni yetu."

"Na kalamu ameleta," akasema mwingine, wakacheka, lakini si kicheko cha kufurahi.

Annonciata, ambaye wazazi wake walikuja na wakimbizi kutoka Burundi na yeye akazaliwa kwenye makazi yao ya Katumba, hakuwa mtu wa maneno mengi. Akasema taratibu, "Mimi nilifika hapa bila ndugu. Siku nilipokuja kulima na nyie kwa mara ya kwanza ndiyo siku nilipojua mimi ni mtu wa hapa. Sasa hii karatasi inasema nini juu yangu?"

"Nyie semeni," akadakia Happiness, mkwe wa Restituta, anayepima mizani pale mashineni, "lakini wapo wanaotaka hiyo hela. Tusiwafunge midomo."

Ilikuwa kweli. Mmoja akainua mkono akasema mwanawe anaingia bwenini, apewe chake, na hana kinyongo na mtu. Wengine watatu wakaungana naye. Hakuna aliyewazomea.

Specioza akaketi kwenye ukingo wa turubai. Aibu ilikuwa imempanda hadi masikioni. Akauliza, "Mama mkubwa, unataka nini? Hisa?"

"Mimi sijui hisa ina rangi gani. Nikuulize wewe. Mwaka jana mlipoanza kutoza shilingi mia tano kila anayeshika nafasi, mlimuuliza nani?"

"Hatukumuuliza mtu. Hilari alipiga hesabu."

"Hilari ana shamba wapi?"

Kicheko safari hii kilikuwa cha kweli.

"Ninachotaka," Restituta akaendelea, "siku mnakaa kupanga bei, na mimi niwe nimekaa. Tulikulimia shamba lako. Lini wewe ulikuja kwetu na jembe? Miaka mitano!"

Specioza alizikusanya zile barua, akaacha nne kwa waliozitaka.

Mchana alimkuta Edgar kwenye nyumba ya wageni. Akamwambia kwamba barua atapata nne. Hao wengine kumi na tisa watasajiliwa halmashauri kama kikundi kimoja chenye jina moja na sahihi moja, na kikundi kitapewa sehemu nane katika kila mia, zitoke kwenye fungu lake na la Hilari, si kwenye fungu la mfuko. Tena kiwe na kiti kwenye bodi, na bei isibadilike bila mwenye kiti hicho kusikilizwa.

Edgar aliandika yote. "Wakikataa Dar?"

"Basi Juni tutaita majina kwa mdomo. Naijua hiyo kazi."

Alisema kwa utulivu, ila usiku ule hakupata usingizi, hilo Emerensiana alilijua kwa jinsi chai ya asubuhi ilivyobaki kikombeni. Mashine thelathini na nne hazikuwa jambo dogo.

Kwa Hilari ilikuwa ngumu zaidi. "Nimelala njaa Mpanda miezi sita," akalalamika kwenye simu, "leo nigawe hisa zangu kwa wamama?"

"Ulilala njaa?" Specioza akamuuliza. "Ule wali uliokula ulitoka kwa nani?"

Hilari akacheka peke yake. "Haya. Nne zangu, nne zako."

Jibu la Dar lilifika Alhamisi mchana. Mfuko umekubali kikundi na kiti chake. Lakini hela itakuja kwa awamu mbili: nusu sasa, nusu nyingine Kinu ikishafika Sumbawanga na kujilipia gharama zake. Ilikuwa pungufu ya walichotarajia, na Mbeya ingesubiri. Lakini mwezi wa Juni ulikuwa umelipiwa. Specioza akasaini. Wale wanne wakapewa hela yao mbele ya wenzao, kwa mkono, na mmoja akabaki kuwasaidia kuanua mpunga.

Ikabaki kuchagua wa kukaa kwenye kiti. Wote walimgeukia Restituta.

"Nyie mna wazimu," akasema. "Nimeishia darasa la nne, na magoti haya hayapandi basi hadi Dar. Apelekwe mkwe wangu. Mizani imemfundisha kutodanganyika, na kunijibu anajua, nyumbani nakoma."

Happiness akapinga, akasema yeye ni mtu mdogo, wakubwa wale watamtisha kwa Kiingereza. Hawakumsikiliza. Specioza akamwita pembeni ya chumba cha mashine, ambako kelele zilikuwa zimepungua kidogo, akampa bahasha yenye mambo ya kikao cha kwanza.

"Kikao ni tarehe kumi na mbili," akamwambia. "Karatasi hizi zipo siku kumi kabla, na kila mara zitakuja mapema hivyo, nimewaandikia. Usisaini lolote hukohuko. Unasoma kwanza hapa, unawatafsiria, wanasema, ndipo unakwenda kusema. Neno usilolielewa, mwambie Edgar alirudie, hata mara tatu. Analipwa kwa hilo."

"Sawa, dada."

"Na jambo la mwisho ndilo kubwa. Kuna siku hela itatubana tena, na mimi nitataka kupandisha bei harakaharaka, nitakuwa na maneno matamu na hesabu nzuri. Siku hiyo unipinge. Mbele ya Hilari, mbele ya watu wa Dar. Usinionee haya kwa sababu mimi ni mkubwa wako."

Happiness akaitazama bahasha, kisha akamtazama yeye. "Ukinikasirikia je?"

"Nitakukasirikia," Specioza akasema. "Wewe nipinge tu."