Tope la Nyuma ya Majiko

Mwaka tulioambiwa kwamba hatuko tena Mkoa wa Arusha bali Manyara, nilirudi Maretadu na shahada ya jiografia. Serikali ilikuwa imeacha kuwagawia wahitimu kazi. Kila mtu ajitafutie. Nilikaa nyumbani nikiwaza. Watu wakinyamaza nilipopita, nilijua wametoka kunisema. Wakicheka, nilijua zaidi.

Nyuma ya majiko yetu ulipita mfereji wa maji ya kumwagilia. Kila masika ulijaa tope, na kila nyumba ilizoa kipande chake kabla ya zamu za maji kuanza. Kisha jirani yetu wa juu, mzee mwenye ng'ombe wengi, aliwapitisha ng'ombe wake ndani ya mfereji mtupu, toka juu hadi chini. Nilikua nikiliona jambo hilo bila kuuliza sababu. Sasa nililiona ni ujinga: leo unazoa tope, kesho kwato zinabomoa kingo.

Baba alikuwa amefariki, kwa hiyo kipande chetu kilikuwa juu yangu. Chini yake mama alikuwa na maharage yanayoanza kutoa maua, na hayo ndiyo tuliyotegemea kula. Nilichimba siku tatu, nikiimwagia bustani ya mama tope jeusi. Nilipokuta udongo wa kijivu, mgumu, niliuchimba nao, nikidhani ni tope la zamani lililoshindiliwa. Nikaziba kwa miiba juu na chini.

Mzee alifika na ng'ombe wake. Nilimwamkia, akaielekeza fimbo kwenye miiba.

"Nani kaweka miiba?"

"Mimi, mzee. Ng'ombe wanaharibu mfereji."

"Wewe ulisomea ng'ombe?"

"Nilisomea jiografia."

"Haya. Jiografia itamwagilia maharage ya mama yako."

Akawazungusha ng'ombe nje, akawarudisha mferejini chini ya mpaka wetu.

Zamu ya kwanza, maji yalifika kwetu yakazama. Zamu ya pili vilevile. Majirani wa chini walisimama ukingoni na majembe.

"Maji yetu mnayanywa ninyi peke yenu?" mwanamke mmoja alifoka. "Au msomi anayapima?"

Mama aliingia mferejini akapapasa chini kwa kiganja.

"Umeng'oa sakafu," alisema. "Ng'ombe ndio wanaokanyaga huo udongo wa mfinyanzi mpaka ushike maji. Ulidhani wanapitishwa kwa nini? Maandamano?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinyamaza lini nikuambie?"

Maharage yalikuwa yameanza kunyauka. Nilikwenda kwa mzee na sentensi niliyoifanyia mazoezi njia nzima. Aliniacha nimesimama mlangoni pa zizi, hakuniacha niimalize.

"Lile tope jeusi uliloimwagia bustani ya mama yako ni la nani?"

"La mfereji."

"Ni shamba langu. Mvua imelichukua kwangu ikaliteremsha kwako. Lirudishe lote, ndipo ng'ombe watashuka."

Nilitaka kumwambia kwamba mvua haina mpaka. Nikawaza maua ya maharage, nikasema sawa.

Mama alinisimamia: udongo wa kijivu urudi mferejini, tope jeusi lipelekwe mlimani. Nilibeba ungo baada ya ungo hadi shambani kwa mzee, naye alinionyesha kwa fimbo pa kumwaga.

"Hapo. Siyo hapo, hapo. Chuo hawafundishi kumwaga?"

Wake zake walicheka. Kila ungo nilimjibu moyoni, na majibu yalikuwa mazuri sana.

Siku ya pili jioni aliridhika. Asubuhi iliyofuata tulilowesha ule udongo wa mfinyanzi kwa ndoo, ng'ombe wakaukanyaga, wakipanda na kushuka mpaka ukawa uji mzito. Mzee hakunitazama hata mara moja. Zamu iliyofuata maji yalipita nyuma ya jiko letu, yakateremka kwa majirani. Hakuna aliyesema ahsante.

Mistari ya mwisho ya maharage, ile ya mbali na mfereji, ilikuwa imekwisha kauka. Mama alinipa kazi ya kuing'oa, na hakuja kunisaidia.