Bei ya Fimbo ya Bingwa

Fundi wa meza za pool aliilaza ile fimbo ya zamani juu ya kioo, akaiviringisha polepole. Mama aliyeileta aliinama kutazama. Mumewe, bingwa wa zamani wa pool ambaye sasa hatoki kitandani, ndiye aliyemtuma akaulize bei. Lakini tangu mzee augue, yeye mama ndiye aliyeiacha imeegemea ukuta wenye unyevu.

"Imepinda, dada," fundi alisema. "Ingekuwa imenyooka, ungepata bei ya pikipiki. Hivi ilivyo, labda ya baiskeli."

Mama alirudi nyumbani roho mkononi, akamweleza mumewe ukweli wote.

Mzee aligeuza uso kumtazama. "Umerudi nayo?"

"Ninayo, baba watoto."

"Nilihofia ungeiuza. Hebu nipe niishike."