Hita Niliyoificha Nyuma ya Kreti za Samaki

Mniwie radhi kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la nane, na kalamu mkononi mwangu ni nzito kuliko dumu la maji. Mkikuta herufi imepotea, msinicheke. Nimeogopa kuchekwa maisha yangu yote, na woga huo ndio ulionifanya nimkosee mtu asiye na hatia.

Naishi Lodwar kwa shangazi aliyenilea. Shangazi alikuwa akinunua samaki Kerio, kando ya ziwa, anawaweka kwenye friza nyumbani, na kila Jumatatu anawapeleka kwa mteja wake Kakuma. Friza hiyo ndiyo iliyotulisha.

Ploti yetu ina mita moja ya stima, ya kununua tokeni. Tuliitumia sisi, binamu yangu Ekiru wa bodaboda, na mpangaji mmoja, dada Riziki. Riziki ni Mkongomani. Alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma kwa kibali, akisuka watu nywele chumbani mwake.

Mimi huongea polepole, na watu hunimalizia maneno. Riziki hakunimalizia. Aliniita "ndogo yangu", kisha akasubiri.

Sasa nianze kosa lenyewe.

Kulikuwa na mwalimu kutoka Nyandarua, kule kwenye baridi, aliyehamishwa. Nilimsaidia kufunga mizigo, akanipa hita ndogo ya stima, ya kupasha chumba joto, aliyokuja nayo. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Miaka mitatu sijaichomeka! Lodwar hii mtu atataka hita ya nini? Jua lenu halizimwi!"

Mimi nilikuwa na sababu. Nilikuwa nimenunua vifaranga vya siku moja, vimeletwa kwa basi kutoka Kitale. Mvua ikanyesha, upepo ukaingia stoo nilikoviweka, na asubuhi nikaokota tisa vimekufa. Shangazi alisema niviwekee jiko la makaa kama watu wote. Nikaogopa moshi. Nikachomeka hita.

Na nikaificha! Sikuificha kama mwizi, Mungu ni shahidi. Niliificha kwa aibu. Ekiru angesema nini akinikuta nimewasha hita Lodwar, mahali watu hulala nje kwa sababu ya joto? Nikaiweka nyuma ya kreti tupu za samaki. Iliwaka kila jioni mpaka asubuhi.

Je, inakula stima? Nilipima kwa akili ya huku kwetu. Sisi tunajua feni, na feni huvuma. Friza hunguruma. Hita yangu ilikaa kimya, ndogo kama redio. Nikasema, kitu kimya hivi kitakula nini? Jamani, ujinga wangu!

Tokeni za wiki mbili zikaisha siku ya nne. Shangazi akatuita wote uani.

"Nani anakula stima yangu?"

"Shangazi, na bado unauliza?" Ekiru akacheka. "Draya ya nywele ya huyu dada inalia kama ndege inayoruka uwanjani Loki. Itakosa kula?"

"Mama, haiko mimi," Riziki akasema. "Nakausha kichwa kimoja, nazima. Mungu anaona."

Nilimwamini Ekiru. Kweli nilimwamini. Ile draya ilikuwa na kelele!

Shangazi akanunua tokeni zingine, akasafiri Kerio. Jumapili asubuhi nikakuta friza imenyamaza. Tokeni zimeisha tena, na ndani mna samaki wote wa Jumatatu. Simu ya shangazi haikupatikana. Mimi sikuwa na kitu mfukoni. Riziki alikuwepo, na alikuwa amelipwa na wateja wake jana yake. Ningebisha tu mlango! Ningesema tu, dada, nisaidie!

Nilisimama mbele ya mlango ule mara tatu. Mara tatu aibu ya kuomba ikanirudisha.

Jua la Lodwar mnalijua. Shangazi aliporudi alasiri, harufu ilimpokea langoni. "Akuj!" akalia, akimwita Mungu kwa Kiturkana, akaketi chini kando ya friza, uso ndani ya leso. Kisha akainuka, akaenda moja kwa moja kwa Riziki.

"Jua la kesho lisikukute hapa."

Asubuhi Riziki alibeba mfuko wake, akapita stoo kuniaga. "Ndogo yangu, vifaranga vikue vizuri." Mimi nilitazama miguu yangu.

Siku ya nne baada ya hapo, tokeni ziliisha tena. Na draya haikuwepo!

Nikaikumbuka hita yangu. Nikakimbia kwa fundi wa stima mjini, nikamuuliza kama naulizia rafiki.

"Feni haina neno," akasema. "Kitu cha kutoa joto ndicho mlafi. Hita ikiwaka usiku kucha inakula kuliko friza na feni zenu zote. Na haipigi kelele. Lakini huyo rafiki yako ni mzima kweli? Hita, hapa?"

Niliichomoa siku hiyohiyo, nikaizika kwenye mchanga wa mto. Tokeni zikarudi kukaa wiki mbili. Mnajua shangazi alisema nini? "Yule msichana alituachia laana. Sasa imeisha." Nami nilikuwa nakunywa chai yake, nikameza na maneno.

Mteja wa Kakuma alipata muuzaji mwingine. Friza ikauzwa. Shangazi, aliyekuwa akiheshimiwa Kerio yote, leo anauza mandazi kando ya barabara. Ole wangu!

Mwezi uliopita nilimbeba jogoo wangu mkubwa kuliko wote, nikaenda Kakuma kumwambia Riziki ukweli. Nilimkuta kambini, anasuka mtoto chini ya turubai. Hapo hakuna stima. Draya imekaa ndani ya sanduku.

"Ejok, ndogo yangu!" akaruka, akinisalimu kwa Kiturkana. Akaita majirani. "Huyu ndiye kijana wa Lodwar! Nyumba nzima ilinisema vibaya. Yeye peke yake hakunisema."

Wakanipa mikono. Wakanipikia sombe, majani ya muhogo ya kwao. Nilikula, nikarudi Lodwar, sikusema neno! Hata moja!

Ndugu msomaji, usichomeke kitu usichokijua kwenye mita ya watu wengi. Uliza kwanza, hata wakicheka mpaka wachoke. Na ukiona mtu anasingiziwa kwa kosa lako, sema siku hiyohiyo, kwa sababu kesho yake mdomo utakuwa mzito zaidi, na mwisho watu watakushukuru kwa kunyamaza.

Barua ya kumwandikia Riziki nimeianza mara nyingi. Mpaka sasa ina jina lake tu. Nawaomba mniandikie kupitia gazeti hili: nianze na shangazi au nianze na Riziki? Na baada ya jina, neno la kwanza liwe lipi? Andikeni kwa herufi kubwa. Nasoma polepole, lakini nitasoma zote.