Uji wa Muhogo kwenye Boneti

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliamka kabla ya mama yangu nikapika sufuria zima la uji wa muhogo, mzito wa kusimamisha mwiko, na haukuwa uji wa kunywa. Ulikuwa wa kupaka gari.

Mama alitoka na kanga yake mabegani akanikuta nimechuchumaa mbele ya boneti, nachota kwa mkono na kupaka kama mtu anayekandika ukuta.

"Otmari, unalilisha?"

"Nalikinga, mama. Mawe ya mteremko."

Akachungulia sufuria. "Watoto wa dada yako hawajatia kitu tumboni."

Nikamwambia sufuria lingine liko jikoni. Halikuwepo.

Nakuandikia haya wewe Deo, uliyekuja juzi na gari lako jeusi la chini chini, ulilolipata kwa kazi yako ya makaa ya mawe huko Ngaka, ukalisimamisha nje ya kwangu ukasema, "Shikamoo mzee, nasikia wewe unajua dawa ya mawe." Nikacheka, ukadhani umenifurahisha. Waliokutuma nawajua. Hapa kijijini naitwa Mzee Kokoto, na wewe umezaliwa ukalikuta jina hilo, hukuwahi kuuliza lilitoka wapi. Nilikupa soda, nikakujibu juu juu, ukaondoka. Jioni ile nyumba iliponyamaza, na nyumba yangu hunyamaza mapema, nikaona sikukutendea haki. Basi soma taratibu, maana na mimi naandika taratibu. Shule niliiacha ningali mdogo, herufi nyingine nazitafuta kama mbuzi aliyepotea.

Mbuzi pia wamo humu. Subiri.

Gari lile lilikuwa la mzungu mmoja fundi wa mashine za kukoboa kahawa. Muda wake ulipokwisha hakuweza kuondoka nalo, na mwaka ule kahawa yangu ilizaa mpaka matawi yakainama. Tukaelewana. Jekundu, mwanangu. Milango miwili, viti viwili, tumbo karibu na ardhi kama mjusi aliyeshiba. Yule mzungu aliniachia neno moja tu: usiende nyuma ya lori, mawe yatakudonoa rangi. Nikalishika neno hilo kuliko katekisimu. Lami hii mnayoteleza nayo kutoka Mbinga mpaka ziwani ni ya juzi. Sisi tulikuwa na moramu na kokoto, na kila mvua ikinyesha kokoto zinaongezeka, sijui zilikuwa zinazaana. Kwa hiyo gari nililifunika kwa magunia ya kahawa. Jumapili nililiosha, nikalitazama, nikalifunika tena, nikaenda misa kwa miguu. Mama alisema mimi ndiye mtu pekee Umatengo mwenye gari na viatu vilivyokwisha soli.

Sasa Kresensia. Alikuwa binti wa mvuvi wa Lituhi, akaja huku juu kwa dada yake msimu wa kuchuma. Watu wa ziwani baridi yetu hawaiwezi, basi alichuma kahawa amevaa koti la shemeji yake, limemfika magotini, mikono imekunjwa mara nyingi. Nikamwambia anafanana na kitisha ndege shambani. Akanijibu, "Ndiyo maana wewe hunikaribii." Nilikaribia. Wazee walikwenda Lituhi, wakarudi na jibu zuri, na ndoa ikatangazwa kanisani.

Sharti la upande wao lilikuwa moja wasilotaka kulizungumza mara mbili. Binti atakuja kwa meli mpaka Mbamba Bay, na mashangazi zake. Atakaposhuka ufukweni akute watu wa mume wamesimama kumpokea. Mengine yote yangesubiri, hilo hapana. Asipopokelewa, anarudi na meli ile ile. Meli yenyewe ilikuwa ikishusha watu na mizigo, inapakia, inageuza siku hiyo hiyo.

Mjomba wangu Kasiani alikuwa dereva wa lori, mtu wa maneno machache na miluzi mingi. Alitoa lori kubeba akina mama wetu wa kwenda kupokea, na kurudi na mashangazi.

"Na lile lako lina kazi gani?" akaniuliza asubuhi ile ya uji. "Viti viwili. Harusi ni ya watu wawili?"

"Nitamleta bibi harusi, mjomba."

"Na shangazi wa bibi harusi atakaa wapi, kwenye boneti, ndani ya uji?"

Tulicheka wote. Lakini tulipokuwa tunaondoka nikasema mimi natangulia, lori lije nyuma, kwa sababu ya mawe. Mjomba hakubisha. Gari la spoti linakimbia, kila mtu anajua. Alidhani hataliona tena mpaka ziwani. Mimi pia nilidhani hivyo. Sikuwahi kulipeleka mbali, sasa ningejuaje?

Barabara ilikuwa mbaya kuliko nilivyoikumbuka nikiwa juu ya malori ya watu. Nikaenda polepole. Jiwe kubwa nikiliona nasimama, nashuka, naliondoa, napanda. Nyuma lori linanguruma kwa gia ndogo, akina mama juu wanaimba. Kwanza nyimbo za harusi. Halafu wakaanza kutunga za kwao, na mimi nimo ndani yake.

Kwenye kijiji kimoja cha huko mbele nilisimama kuomba maji ya rejeta. Kugeuka, mbuzi wameshalizunguka gari. Uji wa muhogo, mwanangu! Wanaramba, mmoja kapandisha kwato kwenye bampa. Nilipiga kelele ambayo sijawahi kuipiga tena. Shangazi yangu Gaudensia akainama kutoka juu ya lori:

"Otmari, waache wale! Hao ndio wageni wa kwanza wa harusi!"

Lori zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilipiga magoti kuangalia kama kwato zimechuna rangi. Hazikuchuna. Lakini uji ulikuwa umetoka vipande vipande, nami nilikuwa nimebeba mwingine kwenye ndoo. Nikapaka upya. Na uji mbichi haukingi kitu, lazima ukauke, kwa hiyo tukakaa juani tukingoja uji ukauke. Akina mama walishuka, wakanyoosha miguu, wakapanda. Hakuna aliyeimba tena.

Tulipoanza mteremko mjomba akapiga honi, ndefu. Nikasimama. Pale njia ni nyembamba, upande mmoja mlima, upande mwingine korongo. Lori haliwezi kupita mpaka mimi nitafute mahali pa kujibana. Mahali palikuwepo, mbele kidogo tu, nilikuwa napaona. Mjomba akashuka, akaja taratibu akifuta mikono.

"Nipishe, mwanangu. Nina watu huku."

"Mjomba, ukipita mbele mawe yako yote yatanijia mimi."

Alilitazama gari, akanitazama. Hakupandisha sauti. "Kwa hiyo watu wote hawa waende kwa mwendo wa rangi yako?"

Nikamwambia tumekaribia. Nikamwambia meli huchelewa, kila mtu anajua meli huchelewa. Alisimama pale kidogo, akitazama chini lilipo ziwa, kisha akarudi kwenye lori lake. Hakupiga honi tena, na hakupiga mluzi.

Meli niliiona kwenye kona inayofungua ziwa lote. Ilikuwa imetia nanga, ndogo, nyeupe, mitumbwi inakwenda na kurudi. Moyo ukatulia. Nikasema unaona, ipo. Kisha mbele yangu kulikuwa na mporomoko wa mawe, si makubwa, ya ukubwa wa ngumi. Lori lingeyapita bila hata kuyasikia. Mimi nilishuka nikaanza kuyaokota, moja moja, nikiyatupa korongoni. Nilikuwa nimeinama hivyo nilipoisikia honi ya meli.

Tulipofika ufukweni palikuwa na alama za miguu, maganda ya miwa, na mama mmoja anayeanika usipa. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema, mikono haikuacha samaki. "Ninyi ndio wenye harusi?"

"Ndiyo, mama."

"Wamerudi. Yule shangazi mrefu alingoja kwa uvumilivu, tusimseme vibaya. Bibi harusi amekaa juu ya sanduku lake, wamemfunika vitenge vizuri. Watu wa boti wakaita mara ya kwanza, akakataa kunyanyuka. Akaonyesha kule mlimani, akasema, 'Shangazi, lile pale gari jekundu, wanakuja.' Kweli lilionekana, jekundu sana. Shangazi akaweka kiganja juu ya macho. Akamwuliza, 'Linakuja, au limesimama?'"

Yule mama akageuza samaki wake.

"Binti akatazama muda. Akasema limesimama. Shangazi akasema, 'Basi twende. Binti yetu hakai ufukweni kama gunia la usipa.' Akapanda mwenyewe, hakuvutwa."

Meli ilikuwa imeshapita ile miamba ya mdomo wa ghuba. Akina mama wetu walishuka kwenye lori na vigelegele vyao vikiwa bado havijatumika. Shangazi Gaudensia, yule wa mbuzi, alinishika mkono, hakusema utani wowote. Hilo ndilo lililoniumiza.

Wakati wa kurudi nilimwambia mjomba atangulie. Aliondoka kwa mwendo wake halisi, na mimi nikamfuata karibu, mwanangu, karibu sana, ndani ya vumbi lake, kokoto zinanipiga mbele kama mvua ya mawe. Nilizitaka. Kila moja iliyogonga nilisema hiyo, na nyingine. Nilitaka nikifika nyumbani gari liwe limechakaa kama mimi.

Asubuhi nikachukua maji nikaosha uji. Ulikuwa umekauka kama tofali, umejaa vishimo. Ulitoka kwa magamba makubwa, na chini yake rangi ilikuwa nzima. Haikuwa na alama hata moja. Uji ule ulifanya kazi, Deo. Ndiyo dawa uliyokuja kuiuliza.

Mjomba Kasiani na wazee walipanda meli iliyofuata kwenda Lituhi kuomba radhi. Walipokewa vizuri, wakapikiwa, wakakataliwa. Mjomba aliporudi alikaa kwenye kigoda cha mama, akavua kofia.

"Kresensia anasema nikuambie alikuona."

"Na nini kingine?"

"Basi. Alikuona."

Alikuja kuolewa huko huko na mtu wa mitumbwi. Nasikia ana wajukuu, na mmoja amesomea unesi. Mimi sikuoa. Watu wanasema niliapa. Sikuapa. Nilikuwa nangoja aibu ipungue kidogo ndipo niende kwa watu wengine, na nilipoona imepungua, wasichana wa rika langu walikuwa mama wa watu. Mama akafa, mjomba akafa, dada akahamia Songea kwa watoto wake. Mtoto wa jirani huniletea ugali jioni, anaweka mlangoni, anakimbia. Anaogopa kuambiwa habari za zamani. Simlaumu.

Gari lipo. Halina betri, tairi zimelala, lakini kila Jumapili nikitoka misa natoa magunia nalifuta. Linang'aa vilevile. Nikiinama naona uso wangu kwenye boneti, uso wa mzee, na nyuma yake ukuta wa kibanda.

Kwa hiyo nisikilize. Kuhusu rangi, fanya wanavyofanya vijana wa siku hizi, bandika ile nailoni ngumu isiyoonekana, weka vizuia matope vizuri, na kwenye barabara ya malori ya makaa usimkaribie mtu aliye mbele. Rangi ni jasho lako, itunze, sikukatazi. Hata mimi ningeanza upya ningelipenda gari lile.

Lakini siku ambayo kuna mtu anakungoja, mama yako, au yule binti wa benki unayedhani sijui habari zake, au mgonjwa, au jeneza, siku hiyo nyuma yako akija mwenye lori na watu, mpishe. Apite mbele, hata akurushie mlima mzima. Na wewe nenda nyuma yake, usisimame kuokota. Mbinga mjini mafundi wa rangi wapo, watakurekebishia wiki nzima wakikupigia kelele za redio. Sijamwona fundi wa ile hasara nyingine. Na usiwafanye watu wako wakae juani wakingoja kitu chako kikauke. Wanacheka mwanzoni, wanakupenda, kwa hiyo wanacheka. Ukiwasikia wamenyamaza, umechelewa tayari.

Ukipita hapa tena simama, hata kama huna shida ya mawe. Soda ipo, nitanunua nyingine. Nami nitalifunua lile jekundu ulione.

Nenda, mwanangu. Mungu akuepushe na korongo, na kokoto akuachie chache. Akufikishe ukiwa umechubuka, ukute bado hawajapanda meli.