Mashine Iliyoamshwa Kabla Haijalala

Kazini walimwita Yaya, na jina likamkaa hata mkurugenzi akawa analitumia mbele ya wageni. Kazi yake ilikuwa kulaza mashine na kuziamsha, basi. Anazilaza, anaziamsha, anazilaza tena, na akirudi kutoka kunywa chai anaangalia ni ipi iliyogoma.

Mama mkwe wake, waliyekuwa wakiishi naye, hakuielewa kazi hiyo hata chembe.

"Mwanangu," alimwambia siku moja wakichambua mboga jikoni, "mimi kulaza watoto ndiko kulikonizeesha, na hakuna aliyenilipa. Wewe unalipwa?"

Yaya alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Mama, watoto wako walikuwa wanaamka wenyewe. Wangu mimi, wengine hawaamki."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Kompyuta ukiifunga kifuniko haizimiki, inalala. Skrini inaambiwa ipumzike, kisha feni, kisha kifaa kimoja baada ya kingine, kila kimoja kwa zamu yake. Kinachobaki macho ni kumbukumbu peke yake, inayonyonya umeme kiduchu ili isisahau ulipoishia. Yaya alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi, na bado hakuizoea. Alikuwa akiweka kiganja juu ya mashine iliyolala, anaikuta baridi, kimya, kama jiwe la mtoni. Kisha anafungua, na sentensi aliyoikatiza katikati inamngoja pale pale, herufi ya mwisho ikiwa mahali pake. Nywele zilimsimama. Wenzake walimtania kwamba atakuja kuziimbia mashine bembelezi.

Ndipo kampuni ikatengeneza altrasaundi ndogo ya kubebeka, mashine ya kumwona mtoto tumboni, kwa ajili ya zahanati ambazo umeme wake ni wa kubahatisha. Betri ilitakiwa itoshe kutwa, kwa hiyo mashine ilipaswa kulala kila mjamzito mmoja anaposhuka kitandani na kuamka anapopanda mwingine. Yaya alizipanga mezani, kila moja na mkono wake wa mota wa kufunga na kufungua kifuniko. Akazitesa. Alizitia kwenye kabati la joto, akazitia kwenye baridi, akazilaza betri ikiwa taabani, akazichomoa kebo usingizini. Zote ziliamka. Mashine moja ikapelekwa zahanati kwa majaribio.

Haukupita muda mkunga wa pale akapiga simu. "Jamani, mashine yenu inazimia."

Ikarudishwa, ikapimwa, ikaonekana nzima kama kigongo. Ikapelekwa tena. Ikazimia tena.

Mwandishi wa programu, kijana mpole waliyemwita Miwani, alikuwa amekonda kwa mawazo. "Nimeisoma kazi yangu mpaka macho yameota sugu," alisema. "Sioni kitu."

"Basi niache nikakae huko," Yaya akasema. "Huenda inachokiona kule hapa hakipo."

Chumba cha mkunga kilikuwa kidogo: kitanda chenye godoro la plastiki, sinki, pazia lililofungwa kwa kipande cha bandeji. Mkunga mwenyewe alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa mikono, mwenye sauti ya kufika mpaka kwenye benchi la nje. Alimpa Yaya kigoda pembeni, na kila mama aliyeingia aliombwa ruhusa kwanza.

Yaya alikuja kuangalia mashine. Lakini yule wa kwanza alipolala, mkunga akapitisha kipimio, kile kijikono cha mashine chenye waya, tumboni, na katikati ya ukungu wa kijivu Yaya akaona kitu kinapepesa, kidogo kuliko punje ya mahindi, kwa haraka ya ajabu.

"Ni nini hicho?"

"Moyo," mkunga akajibu, kama mtu anayeonyesha mlango.

Yaya alikuwa na binti mkubwa, lakini siku za mimba yake walimpima kwa viganja na ile pembe ya mbao ya kusikilizia. Hakuwahi kuona. Alijikuta ameziba mdomo kwa mkono. Miaka yote hiyo ya kufunga na kufungua, hakuwa amejiuliza skrini ikiwaka itamwonyesha nani.

Akina mama wakaingia, wakatoka. Mashine ikalala, ikaamka, haina neno. Mchana akaingia mwalimu wa chekechea, mwembamba, mwenye chaki kwenye mkono wa gauni. Mkunga alimnong'oneza Yaya kwamba mimba mbili zilikwisha kumharibikia. Mwalimu alilala akitazama dari. Alipoambiwa atazame skrini alitazama. Mkunga akafuta tumbo, akashika kifuniko. Mwalimu akashusha mguu, akavaa kiatu kimoja, akasita.

"Dada, samahani. Naomba nione tena. Kidogo tu."

Kifuniko kilikuwa ndiyo kwanza kinabana chini ya mkono wa mkunga. Akakifungua papo hapo, akamlaza tena, akaweka kipimio tumboni. Skrini ikawaka. Lakini pale palipokuwa na mtoto palikuwa na giza tupu.

"Umesimama?" mwalimu akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Moyo umesimama?"

Mkunga hakupoteza muda na mashine. Aliichukua pembe ya mbao, akaikita tumboni, akaweka sikio. Kisha, bila kuinua kichwa, akaushika mkono wa mwalimu na kuanza kugonga kiganja chake kwa kidole, haraka haraka, kwa mapigo yale aliyoyasikia.

"Huyo hapo. Mashine ndiyo imezimia, mama. Mtoto yuko kazini."

Mwalimu akalia, akacheka, akalia tena, akiwa amekikazia macho kile kidole. Yaya alikuwa amekwisha simama. Alitoka nje, akampigia Miwani.

"Amefungua kabla haijalala."

"Rudia," Miwani akasema.

"Mkunga anafunga, mama akaomba aone tena, akafungua palepale. Mkono wetu wa mota huwa unangoja mashine ilale kwanza. Haubadili mawazo."

"Ee!" Miwani akapaza sauti. "Kumbe kipimio kimeambiwa kilale, na kabla hakijaitika kimeambiwa kiamke. Amri mbili zimegongana mlangoni. Kimebaki hakijui kishike ipi."

Alipofika kazini, Yaya aliufundisha mkono wa mota kuwa na pupa: ufunge, ujute, ufungue nusu, ufunge tena, wakati wowote. Mashine zilianguka moja baada ya nyingine kama walevi. Miwani akaandika upya: usingizi ukianza, uachwe ukamilike, ndipo mwito wa kuamka usikilizwe. Ucheleweshaji wenyewe haufiki hata kupepesa jicho. Wakazitesa tena, safari hii bila huruma, na hakuna hata moja iliyozimia.

Mwalimu aliporudi zahanati, tumbo limejaa, Yaya naye alikuwepo. Mkunga alifunga, akafungua hapo hapo, akafunga, akafungua, kwa makusudi. Kila mara mtoto alikuwa pale: pua, kidevu, ngumi karibu na shavu. Kisha kinywa kile kidogo kikafunguka taratibu, kikapanuka, kikajifumba.

"Anapiga miayo," mkunga akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka.

Mwalimu akajiinua kwa kiwiko. Watu wazima watatu waliinamia skrini kama wanaochungulia kisimani.

"Huko ndani kuna nini?" mama mmoja akaita kutoka kwenye benchi. "Mbona kimya?"

"Subirini!" mkunga akajibu, bila kugeuka.