Mkanda wa Gari Jekundu

Fundi wa bodi alilizunguka lile gari jekundu la mbio mara mbili, akatikisa kichwa.

"Mzee, bima yako ndogo italipia ukuta wa nyumba ya watu uliougonga. Gari ni juu yako. Bora uliuze vipuri."

Mzee huyo, mwalimu mstaafu, hakubisha. Bima kubwa aliikataa mwenyewe, tena kwa majigambo, eti ni ya madereva waoga. Basi akauza injini, milango, magurudumu, hata ile honi aliyozoea kuwashtulia majirani. Lakini fundi alipoushika mkanda wa kiti cha dereva, mzee alimwakia: "Huo achana nao!"

Aliponunua gari, mkanda ule ulikuwa umefumuka. Mkewe, mshonaji wa nguo, aliushona upya kwa uzi mnene huku akimsema wiki nzima. Siku ya ajali bodi ilipondeka, mshono ukashika.

Nyumbani aliuweka mezani. Mkewe akavaa miwani, akaukagua, akanuna.

"Hapa niliruka mshono kidogo. Hebu niurudie."

Mzee alicheka mpaka mbavu zikamuuma pale mkanda ulipombana, na hata maumivu yale akayashukuru.