Saratani, Tazama Kansa

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Ifakara, na mama amezoea kuwaambia majirani zake wa Lupiro kwamba hakuna neno linalomshinda binti yake. Siku daktari alipompa majibu ya kinyama kilichopimwa kutoka kwenye titi lake, mama hakuuliza kitu. Alisema, "Ahsante, daktari," tukatoka. Ndani ya bajaji ndipo aliponigeukia.

"Hiyo saratani ndiyo nini?"

Nilijua. Nani asiyejua? Lakini nikamwambia tukifika nyumbani nitaangalia kwenye kamusi.

Tulipofika hakuvua hata viatu. Ikabidi niishushe kamusi yangu kuukuu isiyo na jalada, nikasoma: "Saratani: tazama kansa."

"Haya, tazama."

Nikafunua K. "Kansa: tazama saratani."

Mama akanikodolea macho. Nikaona aibu, kana kwamba ile kamusi nimeiandika mimi. Wanafunzi wangu nawakata maksi wakieleza neno kwa namna hiyo.

"Ipo maana ya pili," nikasema haraka. "Kundi la nyota lenye umbo la kaa."

"Kaa wa mtoni?"

"Wa mbinguni, mama."

"Kwa hiyo nina nyota kwenye titi!"

Tulicheka sana. Kisha yeye akanyamaza, mimi nikashindwa kunyamaza, na hakikuwa kicheko tena.

"Inaua?" akauliza.

"Inaua, mama. Ila ikiwahiwa, watu wanapona."

"Sasa hilo si ungeniambia tangu kwenye bajaji?"

Nikaifunga kamusi.

Alifanyiwa upasuaji, titi likaondolewa, halafu zikafuata dawa zilizomnyonyoa nywele zote. Kina mama wa jumuiya walikuja kumwona. Mmoja wao alipouliza ugonjwa wenyewe ni wa namna gani, nilijiweka sawa kujibu, mama akaniwahi.

"Ni kama mpunga pori. Unaota katikati ya mpunga wako, unafanana nao, unakula chakula chake. Ukija kuutambua, umeshatawala jaruba."

Wote waliitikia kwa vichwa, walikuwa wameelewa. Mimi niliondoka nikaenda kusimama jikoni, maana hata mimi nilikuwa nimeelewa.

Nywele zimeanza kurudi, laini kama za mtoto mchanga. Daktari anasema ni mapema mno kusema amepona. Mama anataka kurudi shambani msimu huu, nimemkatalia, na tangu Jumapili hatusemeshani vizuri.